Uchambuzi wa kisa: Manowari za Type 45, rada kali na umeme uliokuwa unakatika baharini

Kisa chenyewe kwa ufupi

Hizi ni meli sita za kivita za Uingereza, daraja linaloitwa Type 45, destroya zilizotengenezwa mahsusi kulinda anga la msafara wa meli. Kwenye karatasi ni kati ya bora duniani, rada ya hali ya juu, makombora yanayoruka zaidi ya mara nne ya kasi ya sauti, umbo safi. Lakini zikiwa kazini zilikuwa zinazima. Nasema kuzima kabisa, taa, mota za kusukuma meli, viyoyozi, kompyuta, meli ya tani 8,000 inabaki inaelea gizani mpaka mafundi wawashe upya. Na ikitokea hivyo lile kombora la mamilioni ya hela nalo halina kazi, kwa sababu kombora halioni lenyewe kutoka kwenye sanduku lake, linaonyeshwa na rada, na rada inakula umeme.

Majina ya maofisa, mawaziri na mafundi sijayaweka, na hizi meli sita sijazitaja moja moja kwa jina, maana tatizo halikuwa la nahodha fulani wala zamu fulani ya mafundi, lilikuwa kwenye mchoro wa meli toka mwanzo. Naamini yeyote anayesomea uhandisi au anayesimamia miradi mikubwa ana cha kuchukua hapa, na anayependa tu habari za majeshi ya majini pia.

Usuli: walikuwa wanakimbia nini

Ukitaka kuelewa kwa nini Type 45 ikawa hivi ilivyo, rudi Mei 1982, vita vya Uingereza na Argentina kugombea visiwa vya Falklands. Uingereza ilikuwa na destroya za Type 42 zenye kombora la Sea Dart. Tarehe 4 Mei moja ya hizo meli, Sheffield, ikapigwa na kombora la Exocet lililorushwa na ndege ya Argentina likiwa linaruka chini chini juu ya maji, wakafa watu 20, meli ikaja kuzama siku sita baadaye. Tarehe 25 Mei nyingine, Coventry, ikapigwa mabomu na ndege za Skyhawk, wakafa 19, hiyo ikapinduka muda mfupi tu.

Sea Dart haikuwa kombora baya, iliangusha ndege. Shida yake ni kwamba ilihitaji rada ya pembeni iwe inamulika adui muda wote mpaka kombora lifike, na Type 42 ilikuwa na rada mbili tu za kumulika, kwa hiyo ndege ya tatu ikija umekwama. Halafu kitu kinachoruka chini karibu na mawimbi au kinachotokea upande wa nchi kavu kilikuwa kinachanganya rada. Sasa jeshi lililozika watu wake kwa ajili hiyo likija kuandika mahitaji ya meli mpya, unajua kabisa litaandika nini kwanza. Wataandika macho na makombora. Na ndivyo ilivyokuwa.

Njia ya kufika huko ikawa ndefu. Kulikuwa na mradi wa nchi nane za NATO wa kutengeneza frigeti (manowari ndogo kuliko destroya) moja ya pamoja, ukafa. Ukaja mradi wa Horizon wa Uingereza, Ufaransa na Italia, nao Uingereza ikajitoa Aprili 1999 kwa sababu kila mmoja alitaka meli tofauti na kila mmoja alitaka viwanda vyake vipate kazi. Ila walipojitoa kwenye meli hawakujitoa kwenye silaha, mfumo wa makombora wakaendelea nao pamoja. Huo uamuzi ushike, tutaurudia.

Mpango ulikuwa meli 12. Mwaka 2004 zikashushwa kuwa 8, mwaka 2008 zikawa 6. Ya kwanza ilishushwa majini Clyde, Scotland, Februari 2006, ikaanza kazi rasmi Julai 2009, na ya sita 2013. Wakaguzi wa serikali waliripoti 2009 kwamba mradi umechelewa zaidi ya miaka miwili na gharama imefika paundi bilioni 6.46, yaani bilioni moja na nusu juu ya ilivyopangwa.

Silaha na macho

Hapa nakaa kidogo kwa sababu ndo sehemu waliyoipatia kweli, na bila kuielewa huwezi kuona uchungu wa kilichofuata.

Angalia picha yoyote ya Type 45 utaona mlingoti mkubwa wa mbele wenye kitu kama mpira juu yake. Hiyo ni rada ya SAMPSON. Ndani kuna bamba mbili zimegeukiana migongo, zinazunguka mara 30 kwa dakika, na kila bamba linarusha mawimbi yake kwa kuyageuza kielektroniki, kwa hiyo haingoji izunguke yote ndo iangalie kitu tena. Inatafuta, inafuatilia na inaongea na kombora likiwa hewani, vyote kwa rada moja. Nyuma kuna rada nyingine kubwa nyeusi ya S1850M, hiyo ni ya kuangalia mbali.

Kwa nini wameiweka juu vile? Dunia ni mviringo, na kombora linaloruka mita 5 juu ya maji linajificha nyuma ya upeo wa macho. Piga hesabu ya kawaida ya upeo wa rada. Antena ikiwa mita 15 juu ya maji utaliona kombora hilo likiwa kama kilomita 25, antena ikiwa mita 30 utaliona likiwa karibu kilomita 32. Kombora la mita 300 kwa sekunde, hiyo tofauti ni kama sekunde 20 za ziada. Kwa mtu aliyekaa chumba cha mapigano sekunde 20 ni muda wa kurusha, kuangalia kama umepata na kurusha tena. Destroya za Kimarekani za Arleigh Burke zina bamba nne zilizobandikwa kwenye kuta za jengo la meli, zinaona pande zote kwa pamoja bila kuzunguka, ila ni nzito na ziko chini zaidi. Waingereza wakachagua urefu, na mimi naona walichagua vizuri kwa adui waliyekuwa wanamuwaza.

Mbele ya jengo la meli, kwenye sitaha, kuna mashimo 48 ya wima, hayo ni Sylver A50, na kila shimo lina kombora moja la Aster. Aster 15 ni la karibu, kama kilomita 30, Aster 30 linafika zaidi ya 100. Yote mawili yana rada yao ndogo puani, kwa hiyo likishafika karibu linamtafuta adui lenyewe, ile habari ya kumulikiwa mpaka mwisho imekwisha, unaweza kurusha mengi kwa maadui wengi. Na Aster lina vitundu vya kurushia gesi karibu na kitovu cha uzito wake, dakika ya mwisho linasukumwa kando mwili mzima badala ya kugeuza pua na mabawa peke yake, ndo maana linaweza kumkaba mtu anayekwepa. Mfumo mzima Waingereza wanauita Sea Viper.

Zaidi ya hapo kuna mzinga wa milimita 114 mbele, mizinga miwili ya milimita 30, na Phalanx mbili za milimita 20 zile zinazomwaga risasi kitu kikishakaribia mno. Helikopta moja nyuma. Kushambulia nchi kavu kwa makombora ya masafa marefu haiwezi, mashimo ya A50 ni mafupi, Tomahawk haingii. Waliacha nafasi ya mashimo 16 marefu zaidi ili siku hela ikipatikana yawekwe, hayakuwekwa, nafasi ikawa chumba cha mazoezi ya mwili cha mabaharia. Ukilinganisha na Burke yenye mashimo 90 au 96 unaona kabisa hii ni meli ya kazi moja, kulinda anga, na wenyewe walijua.

Uamuzi wa injini

Sasa chini ya sitaha. Mwaka 2000 wakaamua mambo mawili makubwa kwa pamoja.

La kwanza, meli iwe ya umeme mtupu. Injini haziungani na rafadha, yaani pangaboi la kusukuma meli, kwa shafti na gia kama zamani, injini zote ni za kufua umeme, umeme unaingia kwenye nyaya za volti 4,160, halafu mota mbili za megawati 20 kila moja ndo zinazungusha rafadha. Sababu zilikuwa nzuri tu. Umeme huohuo unaenda kwenye mwendo au kwenye rada kadiri ya mahitaji, kelele inapungua, unaweza kuendesha meli nzima kwa injini moja ukiwa unatembea taratibu, na silaha za baadaye zitataka umeme mwingi.

La pili, injini kubwa ziwe tabaini za gesi za WR-21, mbili, kila moja kama megawati 21.5. Tabaini ya kawaida ni kama ya ndege, inanyonya hewa, inaigandamiza, inachoma mafuta, ina nguvu sana lakini ukiiendesha taratibu inakunywa mafuta vibaya. Na meli ya kivita muda mwingi inatembea taratibu. WR-21 ilikuwa jibu la hilo. Katikati ya kugandamiza hewa kuna intakula, inaipooza ili iwe rahisi kuigandamiza zaidi, halafu joto linalotoka kwenye bomba la moshi linarudishwa ndani kuipasha hewa kabla ya kuchomwa, kwa hiyo mafuta yanayohitajika ni kidogo. Waliotengeneza walitarajia kuokoa kama robo ya mafuta kwenye matumizi ya kawaida ya manowari. Ubunifu wa kweli, na mimi bado nauheshimu.

Dereva yeyote wa lori anajua intakula ikichafuka au joto likiwa kali mlimani gari linakosa nguvu. Ya WR-21 inapoozwa mwisho wa siku na maji ya bahari. Maji ya Atlantiki ya kaskazini ni baridi, joto linaondoka bila shida. Maji ya Ghuba ya Uajemi kiangazi yanapita nyuzi 30, na hata huku kwetu Machi maji ya Zanzibar yanakaribia 30.

Kulikuwa na tabaini nyingine sokoni, LM2500 ya Kimarekani, imeshazoeleka kwenye mamia ya meli. WR-21 ilikuwa imegharamiwa utafiti wake tangu 1991 na majeshi ya majini ya Marekani, Uingereza na Ufaransa, ila mwisho Marekani hawakuifunga kwenye meli zao na Ufaransa nao hivyohivyo. Wakabaki Waingereza peke yao, wateja pekee duniani.

Kuisaidia hizo tabaini mbili wakaweka jenereta mbili za dizeli za megawati 2 kila moja. Jumla megawati 4. Kumbuka mota ni megawati 20 mara mbili. Dizeli zilihesabiwa kama umeme wa bandarini na wa dharura ndogo, basi.

Mambo yalivyotokea

Novemba 2010 meli ya kwanza ikapoteza mwendo katikati ya Atlantiki. Watu wengi wakizungumzia hizi meli wanasema ni joto tu, lakini Atlantiki mwezi wa Novemba hakuna joto la kusema, kwa hiyo tangu mwanzo kulikuwa na dalili kwamba mfumo wenyewe una udhaifu na joto linauongezea tu.

Mwanzoni mwa 2012 meli hiyohiyo ikatumwa Ghuba. Kule ndo hali ikajionyesha wazi, na utaratibu wake ulikuwa hivi. Hewa inayoingia ni ya moto, na tabaini yoyote ikivuta hewa ya moto inapungua nguvu. Intakula haipozi sawasawa kwa sababu maji ya kuipoza nayo ni ya moto, nguvu inashuka tena. Wakati huohuo mahitaji ya umeme yanapanda, viyoyozi vinafanya kazi kwa nguvu zote, mitambo ya kupoza rada na kompyuta hivyohivyo. Yaani anayetoa anapungua na anayedai anaongeza, saa ileile. Sasa mfumo wenye akili ungepunguza mzigo taratibu, ungepunguza mwendo, ungezima visivyo vya lazima, ungebakiza rada. Huu haukupunguza, tabaini ilikuwa inajizima ghafla. Mzigo wote wa megawati nyingi unaangukia dizeli za megawati 4, nazo haziwezi, zinajizima kujilinda. Giza.

Februari 2014 meli nyingine ikakatisha mazoezi ikarudi bandarini Portsmouth. Mafundi wa meli wakawa wamezoea kuwasha upya, na kwa kweli hao ndo waliobeba hizi meli miaka yote hiyo, wako chini kwenye joto la chumba cha injini wanahangaika na kitu ambacho hawakukichora wao.

Mwaka 2016 mambo yakatoka nje. Januari wizara ya ulinzi ikakubali hadharani kwamba meli zitahitaji matengenezo makubwa ya umeme. Juni kamati ya ulinzi ya bunge ikawaita wahusika. Watengenezaji wa injini wakasema mazingira ya Ghuba ni magumu kuliko yaliyoandikwa kwenye mkataba. Wizara ikasema meli zilitakiwa toka mwanzo kufanya kazi popote duniani, kuanzia baridi kali mpaka joto la tropiki. Unaona hapo, pande mbili zimesaini karatasi moja na kila mmoja anaisoma kivyake, na meli iko majini miaka saba. Kiangazi hicho meli zote sita zikaonekana zimefungwa gatini Portsmouth kwa wakati mmoja. Sio zote kwa sababu ya injini, kulikuwa na likizo, matengenezo ya kawaida na uhaba wa watu, ila picha yenyewe ilitosha.

Walichoamua, na kwa nini

Kwanza walijaribu kurekebisha kilichopo, kuboresha sehemu zinazoharibika na namna mitambo inavyoongozwa. Ikasaidia kiasi, haikumaliza.

Njia ya pili ingekuwa kung'oa WR-21 zote na kuweka tabaini nyingine. Ukifikiria haraka unaona ndo dawa, lakini meli imejengwa kuizunguka ile injini, njia za hewa, bomba la moshi, misingi, nyaya, vyote vimekatwa kwa saizi yake. Ingekuwa karibu na kujenga upya katikati ya meli, mara sita.

Walichochagua ni cha tatu. Acha tabaini zilipo, ila ziondolewe kwenye kazi ya kila siku. Toa zile dizeli mbili ndogo, weka dizeli tatu za kampuni ya MTU, kila moja karibu megawati 3, jumla inakuwa kama 9 badala ya 4. Sasa meli inaweza kutembea mwendo wa kawaida na kuendesha rada zake kwa dizeli peke yake, na tabaini zinawashwa ikitakiwa kasi. Tabaini ikijizima, dizeli zinabaki zinafanya kazi na meli inabaki inaona. Mkataba ukasainiwa Machi 2018, paundi milioni 160 kwa meli zote.

Mimi naona ni uamuzi wenye busara kwa mazingira waliyokuwa nayo. Hawakujaribu kuiponya injini, walikubali kwamba itazima siku moja moja na wakahakikisha ikizima meli haizimi. Cha kusikitisha ni kwamba hilo lingewekwa kwenye mchoro wa 2000 lingekuwa sehemu ndogo sana ya bajeti. Kuliweka baadaye ilibidi meli iingie kwenye gati kavu, ubavu ukatwe, dizeli za zamani zitolewe na mpya ziingizwe kwa tundu hilo, nyaya zipangwe upya.

Meli ya kwanza kufanyiwa iliingia kiwanda cha meli cha Birkenhead, Uingereza, 2020, ikarudi baharini kwa majaribio katikati ya 2022. Miaka miwili hiyo, kwa meli moja kati ya sita.

Matokeo

Meli hiyo ikatumwa Karibi 2023, maji ya joto kweli. Hiyo ndo ilikuwa kipimo.

Kabla ya hapo, 2021, Uingereza ilituma meli yake ya kubebea ndege kwenda mashariki ya mbali ikilindwa na Type 45 mbili. Mwezi Julai mojawapo ikapata hitilafu ya tabaini Mediterania, ikaingia Taranto, Italia kutengenezwa, na msafara ukaendelea Suez ukiwa na mlinzi mmoja wa anga wa aina hiyo. Ukiwa na meli 12 hilo ni tatizo dogo, ukiwa na 6 ambazo baadhi ziko gati kavu hakuna wa kumtuma badala yake.

Halafu ikaja Bahari ya Shamu. Toka Novemba 2023 Wahuthi wa Yemen walianza kushambulia meli za mizigo, na sisi huku tuliionja, meli zikawa zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema na gharama za kontena zikapanda. Desemba 2023 Type 45 moja ikaangusha droni kwa Sea Viper, mara ya kwanza kwa jeshi la majini la Uingereza kuangusha kitu cha angani kwa kombora vitani toka vita vya Ghuba vya 1991. Usiku wa tarehe 9 Januari 2024 likaja shambulio kubwa la droni na makombora kwa pamoja, meli hiyo ikaangusha droni saba kwa makombora na mizinga yake. Aprili 2024 ikaangusha kombora la balistiki lililokuwa linaelekea meli ya biashara. Katikati ya hapo ilirudi Gibraltar kwa mahitaji na matengenezo, frigeti ikashika zamu, maana mashimo ya wima hayajazwi baharini, ukishayamaliza unarudi bandarini.

Uchambuzi: walichopatia

Kubaki kwenye makombora ya pamoja walipojitoa kwenye meli ya pamoja, hilo liliokoa mradi. Wangejitoa kote wangeanza kombora jipya kutoka sifuri na 2023 wasingekuwa na kitu. Utafiti uligawanywa, na Ufaransa na Italia wanatumia Aster hiyohiyo, kwa hiyo ikionekana kasoro wako watatu wa kuitafutia dawa. Linganisha na WR-21 yenye mteja mmoja. Hakuna jeshi lingine la kumuuliza mlifanyaje, hakuna spea za kuazima, na kiwanda hakina sababu ya kibiashara ya kuendelea kuiboresha. Nchi hiyohiyo, miaka ileile, upande mmoja ilishirikiana upande mwingine ikabaki peke yake, na tofauti unaiona kwa macho.

Rada kuiweka juu, kombora lenye macho yake, na ile nafasi ya mashimo 16 iliyoachwa wazi, vyote vimelipa. Mwaka 2021 walitangaza kwamba watafunga makombora 24 ya Sea Ceptor kwa ajili ya ulinzi wa karibu, na mashimo 48 yote yawe ya Aster 30. Yanakuwa 72. Yanapata pa kukaa kwa sababu mtu fulani miaka 20 nyuma alikataa kuijaza ile sehemu.

Uchambuzi: walipokosea

Hapohapo ndo kosa lao kubwa linaonekana. Kwenye makombora waliacha akiba, kwenye umeme hawakuacha. Ukisoma orodha ya mahitaji ya meli hii unaona vidonda vya 1982 kila mahali, kila kitu kinachohusu kuona na kurusha kimefikiriwa mara mbili. Dizeli hazikuwa na kidonda cha kuzisemea, kwa hiyo zikapewa kilichobaki. Wakati meli ya umeme mtupu ndo inayohitaji akiba kuliko zote, kwa sababu meli ya zamani injini ikizima bado jenereta zake za pembeni zinawasha rada, hii ya sasa vyote viko kwenye waya mmoja.

Pili walipima injini kwa kipimo cha mafuta. Wangeuliza swali lingine, ikizima saa nane mchana Ghuba rada inabaki hewani sekunde ngapi, jibu lingewapeleka kwenye dizeli kubwa moja kwa moja. Na huo uokoaji wa mafuta wenyewe unategemea kutembea na tabaini moja, ambapo ndo unakuwa huna kabisa wa kukushika ikizima. Ukiogopa ukawasha zote mbili, faida ya mafuta imeondoka.

Tatu, mkataba. Neno kama tropiki lisiloandikiwa namba lilikuja kuwa mgogoro wa bunge. Joto la maji ngapi, la hewa ngapi, kwa saa ngapi mfululizo, nguvu iruhusiwe kushuka kwa asilimia ngapi, na ikishuka nini kizimwe kwanza. Hilo la mwisho ndo nalisisitiza zaidi ya yote, mpangilio wa nini kinakufa kwanza. Kwenye meli ya kulinda anga, rada na chumba cha mapigano vinatakiwa viwe vya mwisho kabisa, mota za rafadha zikubali kupunguziwa kabla yao.

Na nne ni idadi. Kila zilipokatwa, kutoka 12 hadi 8 hadi 6, hoja ilikuwa kwamba meli moja ya sasa ina uwezo wa nyingi za zamani. Kwa rada na makombora ni kweli. Ila meli iliyoko gati kavu imekatwa ubavu uwezo wake ni sifuri, na foleni ya dizeli ilikuwa bado haijaisha foleni ya Sea Ceptor ikaanza kupangwa nyuma yake, kwa meli zilezile sita, huku kuna moja lazima iwe na meli ya kubebea ndege na nyingine inaitwa Bahari ya Shamu.